Mkasi, pini na duka la King's Road: mavazi ya panki yalitengenezwa na nani?

#1 Kitambaa Kigumu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara mavazi ya panki (punk, muziki na mtindo wa vijana waasi wa miaka ya 1970) yanapotajwa hapa jukwaani hurudiwa hadithi ileile, kwamba vijana maskini wa Uingereza walivaa matambara kwa kuwa hawakuwa na kingine, kisha wafanyabiashara wakaja, wakauiba mtindo wao na kuuza. Hadithi hiyo ina utamu wake, lakini imesimama kichwa chini, miguu juu. Duka lilitangulia. Naomba nieleze kwa kirefu, na mwenye hoja tofauti asisite kuileta.

Duka lenyewe lilikuwa nambari 430, barabara ya King's Road, Chelsea, London. Mwaka 1971 Malcolm McLaren na mwenzi wake Vivienne Westwood walianza kuuza hapo nguo na santuri za mtindo wa miaka ya 1950. Westwood alikuwa amefundisha shule ya msingi, na ushonaji wake aliukuza kwa kufumua makoti ya zamani ili aone kola ilivyokatwa na bega lilivyopachikwa, kisha akayashona upya. Duka lilibadilisha jina kila walipochoka na wateja wao. Mwaka 1974 liliitwa SEX, herufi za sponji ya waridi zikiwa juu ya mlango, na ndani zikaning'inizwa nguo za mpira na ngozi ambazo hadi wakati huo watu wazima wenye matamanio ya faragha walikuwa wakiziagiza kimyakimya kwa posta. Mwaka uliofuata mteja mmoja alikamatwa mjini kwa kuvaa fulana ya duka hilo yenye picha iliyohesabiwa kuwa ya aibu, na wenye duka wakatozwa faini. Mwishoni mwa 1976 jina likawa Seditionaries, na kuanzia 1980 World's End, jina ambalo limedumu, pamoja na saa kubwa ya nje yenye tarakimu 13 ambayo mishale yake huzunguka kinyume.

Bendi ya Sex Pistols ilizaliwa ndani ya mazingira hayo, ikisimamiwa na McLaren, na hata jina lake lilibeba jina la duka. Onyesho lao la kwanza lilifanyika tarehe 6 Novemba 1975 katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's. Kwa hiyo anayesema kwamba biashara iliingilia panki baadaye na kuichafua anasahau kwamba mwimbaji, meneja, fundi na muuzaji walikuwa wakipita mlango mmoja.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo duka halikuweza kulibuni. Agosti 1975, kijana aitwaye John Lydon, ambaye baadaye akawa mwimbaji wa Sex Pistols, alitambuliwa na watu wa duka hilo kwa sababu ya fulana aliyoivaa. Ilikuwa fulana ya kawaida ya bendi ya Pink Floyd, lakini juu ya jina la bendi alikuwa ameongeza kwa mkono maneno ya kusema kwamba anawachukia. Fulana hiyo haikuuzwa popote. Alichukua kitu kilichokuwa na maana moja, akakilazimisha kiseme kinyume chake, na gharama yake ilikuwa kalamu. Ng'ambo ya bahari, New York, mwanamuziki Richard Hell alikuwa ameshaanza kupanda jukwaa la klabu ya CBGB, mtaa wa Bowery, akiwa na nywele fupi zilizosimama ovyo na fulana zilizochanwa na kushikizwa kwa pini. McLaren alimwona huko mwaka 1975, alipokuwa akijaribu kuwasaidia bendi ya New York Dolls, na hakuficha kwamba alirudi London na sura hiyo kichwani.

Tangu mwanzo, basi, kulikuwa na vijito viwili. Kimoja kilitoka dukani, na kilikuwa cha ufundi wa hali ya juu. Tazama ile suruali maarufu ya mikanda: pamba nyeusi yenye mng'ao wa satini, zipu inayoanzia kiunoni mbele, ikapita kati ya miguu hadi nyuma, ukanda uliofunga goti kwa goti, na kipande cha taulo kinachoning'inia nyuma mfano wa nepi. Umbo lake lilichanganya suruali za jeshi la Marekani na mavazi ya kuwafungia wagonjwa wa akili. Au lichukue shati lililoitwa la Anarchy: Westwood alinunua mashati ya mistari ya miaka ya 1960 yaliyobaki ghalani bila kuuzwa, akayapaka rangi, akayachapa maneno, akayashonea viraka vya hariri vyenye sura ya Karl Marx, akayafunga kitambaa cha mkononi. Hayakufanana mawili. Bei za vitu hivyo zilimpita mbali kijana aliyekuwa akiishi kwa posho ya serikali, na mwaka 1976 vijana wa namna hiyo walikuwa wengi, kwani wasio na ajira nchini Uingereza walizidi milioni 1 na serikali ikalazimika kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa.

Kijito cha pili kilitoka vyumbani. Wale waliosikia habari za duka lakini hawakuwa na fedha, au waliishi Manchester na Leeds ambako duka kama hilo halikuwapo, walitengeneza vyao. Walivaa mifuko myeusi ya taka iliyotobolewa mashimo ya mikono, minyororo ya kuvutia maji ya choo shingoni, nyembe zilizosuguliwa makali yakaisha, kola za mbwa, makoti ya wazee yaliyonunuliwa kwa senti katika maduka ya hisani, na sare za shule zenye tai iliyofungwa vibaya kwa makusudi. Pini za kubania nepi zilikuwa nyingi kuliko chochote, kwa sababu zilipatikana kila nyumba na zilifanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kushikiza, kupamba na kuudhi.

Hapa niweke sawa jambo moja linalokosewa mara nyingi. Kiduku kirefu chenye rangi, ambacho leo ndicho alama ya panki katika kila katuni, hakikuwa cha 1976 wala 1977. Wakati huo nywele zilikuwa fupi, zimekatwa ovyo, labda zimepakwa rangi. Kiduku kilichosimamishwa kwa sabuni, maji ya sukari au ute wa yai kilishamiri miaka ya 1980, enzi za bendi kama The Exploited, na kufikia wakati huo vijana wenye viduku walikuwa tayari wakiuzwa kwenye kadi za posta kwa watalii waliotembelea London.

Tarehe 1 Desemba 1976 Sex Pistols walihojiwa na mtangazaji Bill Grundy katika kituo cha televisheni cha Thames, matangazo yaliyoonekana eneo la London tu. Walitukana hewani, na kesho yake magazeti ya nchi nzima yakalipuka. Kwa historia ya mavazi matusi yale si ya muhimu sana. La muhimu ni kwamba vijana wa nchi nzima sasa walikuwa na picha ya kuigiza na hawakuwa na mahali pa kuinunua. Iliwabidi washike mkasi. Hoja yangu ni hiyo: kijito cha duka kilitoa sura, kijito cha vyumbani kikatoa mazoea, na kilichosafiri duniani kikadumu ni mazoea.

#2 Fundi Mstaafu

Ndugu Kitambaa, nimesoma kwa utulivu. Nimekaa nyuma ya cherehani muda mrefu wa maisha yangu, kwa hiyo nitazungumza kwa upande ninaoujua.

Wanaodhani kwamba nguo iliyochanika ni nguo ya uvivu hawajawahi kujaribu kuifanya ivalike. Fulana ni kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi, kama sweta; ukiichana, ukingo hujikunja wenyewe na nyuzi hazimwagiki, ndiyo maana ilistahimili mateso yale na kuendelea kufuliwa. Shati la kitambaa cha kusukwa likichanwa vivyo hivyo huendelea kufumuka kila linapoguswa, hadi ulizuie kwa uzi au kwa pini. Kwa hiyo zile pini hazikuwa pambo peke yake. Na koti la ngozi lenye njumu za chuma lina kazi zaidi ya hapo, kwa sababu kila njumu ina miguu inayopenyezwa kwenye ngozi na kukunjwa kwa ndani, moja moja, na usipoweka bitana nzito itamchuna mvaaji mgongo mzima. Kijana aliyejaza koti lake njumu mia kadhaa alikesha.

Swali langu ni hili: ile suruali ya ukanda wa magotini, mtu alitembeaje nayo? Na nani aliyezishona, yule mwalimu mwenyewe au kiwanda?

#3 Kitambaa Kigumu

Mzee Fundi, shikamoo, na asante kwa somo la kitambaa, ambalo sijalikuta katika maandishi mengi yanayosifu mtindo huu.

Ukanda ule ulikuwa na urefu wa kutosha kwa hatua fupi, na uliweza kufunguliwa. Kupanda basi kulikuwa kazi, kukimbia kulikuwa hatari, na hilo halikuwa kosa la mshonaji, kwa kuwa nguo ilikusudiwa kumkumbusha mvaaji na mtazamaji habari za kufungwa. Kuhusu ushonaji, mwanzoni Westwood alikata na kushona vitu vingi nyumbani kwake, kwenye fleti ya kusini mwa London, kisha oda zilipoongezeka wakatafutwa washonaji wa nje. Wanafunzi wa mitindo humchukulia kama msanii wa ghasia, nami naona sifa yake kubwa ilikuwa ukataji. Mwaka 1981 alipoonyesha mkusanyo wake wa kwanza wa jukwaani, uliohusu maharamia wa baharini, alikwenda kuchunguza mikato ya nguo za karne zilizopita kwa uangalifu uleule wa kufumua makoti.

Niongeze kisa cha Jordan, muuzaji wa duka la SEX, ambaye jina lake halisi lilikuwa Pamela Rooke na ambaye alifariki mwaka 2022. Alikuwa akisafiri kwa treni kutoka mji wa pwani wa Seaford hadi London akiwa amevaa mpira, soksi zilizotoboka na wanja mzito uliochorwa kama pembe. Abiria walimsumbua kiasi kwamba wahudumu wa treni walimhamishia behewa la daraja la kwanza ili apumzike. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ya wanabendi, maana mwanabendi huvaa vile kwa saa moja jukwaani akiwa amezungukwa na wenzake, na yeye alivaa vile peke yake, asubuhi, katikati ya watu wanaokwenda ofisini.

#4 Msomaji Mkaidi

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Mnaandika kana kwamba jambo hili lote lilikuwa zuri. Mbona hakuna aliyetaja alama ya Wanazi? Picha za 1976 na 1977 zimejaa vijana wa panki waliovaa swastika mikononi na vifuani, na fulana moja ya duka hilo hilo mnalolisifu ilikuwa nayo kubwa, katikati ya kifua. Sisi tunaosoma tukiwa Waafrika tunapaswa kuuliza watu wale walikuwa upande gani.

#5 Kitambaa Kigumu

Ndugu Mkaidi, swali lako ni la haki, na nilikuwa nikisubiri aliulize mtu.

Utetezi uliotolewa ni kwamba walitaka kuwaudhi wazazi wao, kizazi kilichopigana vita na kisichoacha kuvisimulia. McLaren mwenyewe alikuwa na asili ya Kiyahudi upande wa mama. Fulana unayoitaja, iliyoandikwa Destroy, iliiweka alama hiyo pamoja na msalaba uliopinduliwa, chini ya neno linaloamuru kuharibu. Nimeupima utetezi huo na nauona dhaifu. Mtaani mtu hasomi nia ya mbunifu, anaona alama. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo chama cha kibaguzi cha National Front kiliandamana katika mitaa ya watu weusi, kama kilivyofanya Lewisham mnamo Agosti 1977. Katika historia yote ya mavazi haya, hapo ndipo ninapoona aibu isiyo na kisingizio, na wengi waliovaa alama hiyo waliiacha haraka.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu upande wa pili una watu wanaotuhusu. Don Letts, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, aliendesha duka la Acme Attractions kwenye barabara ileile ya King's Road, akiuza nguo za zamani huku spika zikipiga rege nzito. Klabu ya Roxy ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa akipiga santuri, na kwa kuwa santuri za panki zilikuwa bado hazijatoka za kutosha, vijana weupe wenye pini mashavuni walijikuta wakicheza rege usiku kucha. Bob Marley aliitolea wimbo ndoa hiyo mwaka 1977. Bendi ya The Clash ilichukua kutoka kwa Wajamaika wa Notting Hill zaidi ya mdundo. Nguo zao zilizochapwa maneno kwa stensili na kumwagiwa rangi zilibeba maneno ya rege na ya ghasia za kanivali ya Agosti 1976.

Kisha yuko Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex. Alizaliwa 1957 na mama mwenye asili ya Uskoti na Ireland na baba Msomali, na kabla ya bendi kuvuma alikuwa na kibanda katika soko la Beaufort, King's Road pia, akiuza vikorokoro vya plastiki. Wenzake walipovaa nyeusi, yeye alivaa njano, kijani na waridi za kuumiza macho, kofia za jeshi, magauni ya bibi, na waya za kunyoosha meno alizokataa kuzificha anapotabasamu. Alikuwa akiikejeli dunia ya vitu vinavyonunuliwa na kutupwa kwa kuvaa vitu hivyo hivyo. Aprili 30, 1978, harakati ya Rock Against Racism ilipowakusanya makumi ya maelfu ya watu Victoria Park, alikuwa jukwaani siku ileile pamoja na The Clash na Steel Pulse. Ukiniuliza nani alielewa mavazi ya panki kuliko wote, nitamtaja huyu binti wa Kisomali kabla ya Sid Vicious, mpiga besi wa Sex Pistols, na kufuli lake shingoni.

#6 Mkaazi wa Lubumbashi

Wapendwa, nawasalimu kutoka Kongo. Mjadala huu umenifikirisha kuhusu jambo moja. Mwaka huo huo wa 1977 ambao London ilikuwa ikichana fulana, mwanamuziki Papa Wemba alianzisha kundi la Viva la Musica mjini Kinshasa, na kundi lile likawa mlango wa sape, utamaduni wetu wa kuvaa kifahari, kwa kizazi kizima. Wakati ule Mobutu alikuwa amepiga marufuku suti na tai za Kizungu na kuwavika wanaume abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Vijana wetu waliijibu serikali kwa kuvaa vizuri kupita kiasi: kitambaa cha bei, kiatu kinachong'aa, lebo inayojulikana. Wao walichakaza, sisi tulipiga pasi. Je, huoni kwamba ni ghasia ileile?

#7 Kitambaa Kigumu

Ndugu wa Lubumbashi, nakubali nusu. Pande zote mbili zilimwambia mkubwa kwamba mwili huu haumhusu. Tofauti ninayoiona ni mahali heshima inapokaa. Msapeu huiheshimu nguo. Huijua nyumba iliyoishona, huitunza, huitembeza. Kijana wa panki aliishuku nguo iliyokamilika, na aliiamini pale tu alipokuwa ameiharibu kidogo kwa mkono wake.

Lakini kuna mahali njia hizo zilikutana kweli. Rei Kawakubo wa Comme des Garçons alipopeleka kazi zake Paris kuanzia 1981, pamoja na Yohji Yamamoto, alionyesha sweta nyeusi zilizofumwa kwa makusudi zikiwa na mashimo, na waandishi wa mitindo wa Ulaya walishtuka kama walioona msiba. Alikuwa akifanya kwa utaratibu wa mfumaji kile ambacho panki ilikifanya kwa hasira. Na wabunifu hao wawili wa Kijapani ndio walioingia katika mapenzi makubwa ya wasape wa Kinshasa, kwa hiyo tundu la sweta lilifika Kongo likiwa na lebo.

#8 Binti Cherehani

Mimi nataka kujua kuhusu biashara kubwa. Siku hizi koti la ngozi lenye zipu ya mshazari, buti nzito na suruali ya miraba ya Uskoti vinauzwa katika kila duka la mjini. Kama ulivyosema duka lilitangulia, basi tunalalamika nini?

#9 Kitambaa Kigumu

Dada, mimi binafsi silalamiki sana, ila nataka vitu vijulikane vilikotoka, maana vyote vitatu ulivyovitaja panki iliviazima.

Koti la zipu ya mshazari lilitengenezwa na kampuni ya Schott ya New York mwaka 1928 kwa ajili ya waendesha pikipiki. Bendi ya The Ramones ililifanya sare, pamoja na jinzi zilizotoboka magotini, kwa sababu lilikuwa vazi la mtaani kwao Queens. Buti za Dr. Martens zenye matundu manane zilianza kutengenezwa Uingereza tarehe 1 Aprili 1960, kutokana na soli iliyobuniwa na daktari Mjerumani, na wateja wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wapeleka barua. Kitambaa cha miraba kina historia nzito kuliko vyote. Baada ya uasi wa Waskoti wa nyanda za juu kushindwa, sheria ya 1746 iliwapiga marufuku wanaume wa huko kuvaa mavazi yao ya asili hadi ilipofutwa 1782. Miaka 40 baadaye mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh akiwa amevaa miraba hiyo hiyo. Westwood alipoikata kuwa suruali za mikanda alikuwa akikirudisha kitambaa kilichokuwa cha waasi, kikawa cha ikulu, kwa watu wasiotakiwa ikulu. Mwaka 1993 alibuni miraba yake mwenyewe na kuipa jina la ukoo wa kubuni, kwa heshima ya mumewe Andreas.

Biashara kubwa nayo haikusubiri. Mwaka 1977, wakati Sex Pistols wakiimba dhidi ya jubilei ya malkia na mchoraji Jamie Reid akimtoboa malkia mdomo kwa pini kwenye bango, mbunifu Zandra Rhodes alikuwa tayari akiuza magauni ya jezi yenye matundu yaliyodariziwa na pini zilizotiwa shanga. Mwaka 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley alivaa gauni jeusi la Versace lililoshikwa ubavuni kwa pini kubwa za dhahabu, na likamfanya maarufu kwa usiku mmoja. Westwood alipewa nishani ya OBE 1992 na cheo cha Dame 2006. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho mazima kuhusu panki na nguo za kifahari. Dr. Martens waliuza hisa zao London Januari 2021 kampuni ikithaminiwa karibu pauni bilioni 3.7. Mtoto wa Westwood na McLaren, Joe Corré, alikerwa na hali hiyo hata tarehe 26 Novemba 2016 akachoma juu ya mto Thames mkusanyo wa vitu vya panki ambao mwenyewe aliuthamini kwa pauni milioni 5. Mimi niliona ni tamasha la mtu tajiri. Angeweza kuwapa mafundi wachanga wavifumue.

Mahali pa kuupima mtindo huu ni kule ambako hapakuwa na kitu cha kununua. Ujerumani Mashariki haikuwa na King's Road. Vijana wa panki wa Berlin Mashariki na Leipzig walichora migongo ya makoti kwa rangi ya ukutani, walitengeneza beji zao wenyewe, na walilipa kwa hilo: polisi wa siri, Stasi, waliwaona kama maadui wa dola, mwaka 1983 ukaja msako mkubwa, baadhi ya wanabendi wakafungwa, na wengi wakapata hifadhi katika majengo ya kanisa. Banda Aceh, Indonesia, Desemba 2011, polisi waliwakamata vijana zaidi ya 60 kwenye tamasha la panki, wakawanyoa viduku, wakawatumbukiza majini na kuwaweka kambini siku kumi ili waadilishwe. Hakuna askari anayejisumbua kunyoa kichwa ambacho hakimwambii kitu.

Kwa upande wa bara letu, Johannesburg ya mwaka 1979 ilikuwa na National Wake, bendi ya weusi na weupe waliopiga pamoja wakati sheria za ubaguzi zikiwataka waishi mbalimbali. Kuonekana kwao jukwaani bega kwa bega kulikuwa uasi kabla hata hujatazama walichovaa. Nairobi nako bendi ya Crystal Axis imepiga panki kuhusu mambo ya Afrika, mfalme Leopold wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo akiwamo.

#10 Msomaji Mkaidi

Nimeridhika kwa sehemu kubwa. La mwisho: kuna mtu ananiuzia fulana ya Seditionaries, anadai imetoka kwenye belo la mitumba kutoka Uingereza. Nitajuaje kama ni ya kweli?

#11 Kitambaa Kigumu

Ndugu, usitoe pesa ya maana.

Fulana zile zilichapwa kwa skrini za mkono, kwa idadi ndogo, bila namba wala kumbukumbu za kuaminika, na mtu yeyote mwenye skrini na rangi anaweza kurudia picha ileile leo. Zilianza kuigwa mapema, na zimeigwa sana, Japani, Uingereza na kwingineko, kiasi kwamba hata wakusanyaji wakubwa wamejikuta wakibishana kuhusu vitu walivyokwisha kuvilipia. Lebo haikusaidii, kwa kuwa lebo nayo hushonwa. Angalia kwanza kitambaa na mshono: nyingi za awali zilikuwa vipande viwili vya mraba vya pamba vilivyounganishwa mabegani na ubavuni, mara nyingine mishono ikiwa nje. Mpe Mzee Fundi aitazame kwa ndani. Akikuambia ni jezi ya kiwandani yenye kola iliyofumwa kwa mashine, mlipe muuzaji bei ya fulana ya mtumba na uivae.

#12 Fundi Mstaafu

Alete. Mishono ya nje naijua, na nitamwambia pia uzi ni wa pamba au wa poliesta.